Kitabu Kirefu, Umri Mfupi



Ndugu msomaji, naomba makala hii isichukuliwe kuwa fatwa. Ni fikra za mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu juu ya jambo linaloonekana dogo. Mtu anaazimwa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa riwaya wenye vitabu 14, kila kimoja kinene kama tofali. Anatamani kukisoma, na anasita. Je, kusita kwake ni uchamungu, ni uvivu, au ni hofu iliyovaa kanzu ya uchamungu?

Mfululizo wenyewe ni The Wheel of Time wa Mmarekani Robert Jordan, riwaya za ulimwengu wa kubuni wenye wachawi, viumbe vya ajabu na vita vya falme. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1990. Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kumaliza, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akapewa kazi ya kuukamilisha kwa kutumia maandishi aliyoyaacha marehemu. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 2013. Walioanza wakiwa wanafunzi walimaliza wakiwa na watoto wanaosoma. Na bila shaka wapo waliofikwa na ajali yao wakiwa kitabu cha sita au cha saba.

Mwenzangu wa bweni anaupenda sana mfululizo huu, na ndiye aliyeniazima kitabu cha kwanza. Kila tukikutana msikitini ananiuliza, "Vipi sheikh, umeshaanza?" Nami namjibu, "Bado ndugu yangu, nafikiri." Yeye hucheka, maana haoni cha kufikiri. Lakini mimi nimefikiri kweli, na nimeona kwamba ndani ya kusita huku mna mambo matatu: yaliyomo kitabuni, wakati kitakaochukua, na hofu ya kutofika mwisho. Tukiyachanganya hatutapata jawabu.

Yaliyomo

Wapo wanaosema hadithi za kubuni zenye uchawi hazimfai Muislamu kabisa. Hoja yao si ya kudharau. Wafasiri wengi, wanapoieleza aya ya sita ya Sura Luqman inayolaumu maneno ya upuuzi, humtaja al-Nadr bin al-Harith, Mkuraishi aliyejifunza visa vya wafalme wa Uajemi, visa vya Rustam na Isfandiyar, akawa anavisimulia Makka. Lakini tuangalie kilicholaumiwa. Aya inataja nia, yaani kuwapoteza watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Al-Nadr alikuwa akisubiri Bwana Mtume (s.a.w.) aondoke penye baraza, kisha akae yeye na kuwaambia watu kwamba visa vyake ni bora kuliko Qur'ani. Hilo ni jambo moja, na kijana anayesoma riwaya baada ya Isha ni jambo jingine.

Upande wa pili tuna riwaya iliyomo katika Sunan Abi Dawud. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Bwana Mtume (s.a.w.) akamuuliza kuhusu farasi mwenye mbawa, naye akajibu kwamba je, hakusikia kuwa Nabii Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakukemea mbawa wala hakumwambia kwamba farasi hawaruki.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa fantasia. Wazee wetu walizisoma hadithi za Alfu Lela na visa vya Abunuwasi. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya elfu nne za vita na maajabu. Waliousikiliza hawakudhani wanasoma vitabu vya Sira. Walijua hiki ni kisa, na ile ni dini.

Hata hivyo msomaji awe macho. Katika ulimwengu wa Jordan wakati ni gurudumu linalozunguka bila mwisho, na nafsi za watu huzaliwa tena na tena. Sisi tunaamini wakati una mwanzo na mwisho, na kwamba mtu hufa mara moja, hufufuliwa na huhesabiwa. Mwovu mkuu wa kisa amepewa jina Shai'tan, na kila mmoja wetu anajua limetoka wapi. Anayejua akida yake husoma hayo akatambua mpaka uko wapi. Asiyeijua aanze na akida, kisha riwaya. Kwa hiyo katika jambo la kwanza sioni katazo, naona sharti.

Wakati

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa sababu lina hesabu. Mfululizo huu unakadiriwa kuwa na maneno milioni nne na laki nne hivi. Anayesoma maneno 250 kwa dakika atahitaji saa 293. Akisoma nusu saa kila siku bila kukosa, atamaliza kwa siku 587, yaani mwaka mmoja na miezi saba. Na mimi sisomi kwa kasi hiyo. Kiingereza ni lugha niliyoikuta ukubwani, baada ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kireno cha shule. Nikienda maneno 150 kwa dakika, nitatumia siku 978, karibu miaka miwili na miezi minane. Shahada yenyewe ni miaka mitatu.

Tuweke hesabu nyingine pembeni. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Anayehifadhi ukurasa mmoja kwa siku atamaliza kwa siku 604, karibu sawa na siku za msomaji mwepesi wa Jordan. Anayehifadhi nusu ukurasa atahitaji siku 1208. Ni kweli kwamba kuhifadhi kuna muraja'a, na nusu saa haitoshi kwa wengi wetu. Lakini mtu akiziona hesabu hizi mbili bega kwa bega hawezi kusema tena, "Sina muda wa kuhifadhi," huku akiwa kitabu cha tisa.

Hapo wengine watasema jambo limekwisha: acha riwaya, shika Msahafu. Mimi naona halijaisha. Nusu saa zote za siku si sawa. Nusu saa baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa safi, na nusu saa ya saa nne usiku, baada ya mihadhara, maktaba na foleni ya chakula, haziwezi kubadilishana kazi. Katika Sahih Muslim tunasoma habari za Hanzala (r.a.), aliyejiona mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) huwa kama anaziona Pepo na Moto, na akirudi nyumbani huchanganyika na mke, watoto na mali. Mtume alimjibu kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Kwa hiyo swali la wakati halijibiwi kwa kuuliza kitabu kina kurasa ngapi. Linajibiwa kwa kuuliza kinachukua saa ipi. Kikichukua saa ya kupumzika, ni mubaha. Kikivuta Alfajiri, au haki ya wazazi waliouza korosho tukapata karo, hapo hata kurasa kumi ni nyingi.

Hofu ya kutofika mwisho

Hili la tatu ndilo lililonifanya niandike, maana halihusu riwaya tu.

Mimi ni wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, karibu na mto Ruvuma. Anayefuatilia habari za kwetu anaijua tarehe 24 Machi 2021. Mji ulishambuliwa, na siku zilizofuata watu kwa maelfu walikimbia: wengine kwa miguu kupitia msituni, wengine kwa vyombo vya baharini hadi Pemba, wengine wakakusanyika upande wa Afungi na Quitunda. Jirani zetu wa Mocímboa da Praia walikuwa wameanza kuonja hayo tangu Oktoba 2017. Sitasimulia yaliyotupata, kila nyumba ina yake. Nataka kueleza kilichobaki katika fikra baada ya watu kurudi.

Aliyekimbia akaacha chungu motoni hujifunza kukipima kila kitu kwa urefu wake. Nimeona mtu mwenye uwezo wa kujenga kwa matofali akijenga kwa miti na udongo, kwa sababu nyumba ya miti haikuumizi sana ukiiacha. Nimeona kijana mwenye alama nzuri akichagua mafunzo ya miezi mitatu badala ya chuo, si kwa kukosa karo, bali kwa sababu miezi mitatu inaonekana mwisho wake. Wenye duka huleta mzigo wa wiki moja. Kila kilicho kirefu kinaulizwa swali moja: tutakimaliza?

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwaka 2021 alikuwa na miaka kumi, na alikuwa ameshika juzuu tano. Chuo chake kikafungwa, wakakimbilia Pemba, na waliporudi hakuendelea. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kaka, nikianza tena, tutakimbia tena. Bora nibaki na hizi." Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayekueleza bei ya samaki. Nilipomsikia nikajua kwamba kusita kwangu mbele ya vitabu 14 na kusita kwake mbele ya juzuu 25 ni mti mmoja, ingawa matunda yake hayalingani.

Na hofu hii ina ushahidi wa kutosha katika dini, kwa anayeutaka. Katika Sahih al-Bukhari, Ibn Mas'ud (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alichora umbo la pembe nne, akachora mstari katikati unaotokeza nje, na vijistari vidogo pembeni. Mtu yuko ndani, ajali imemzunguka, na lile linalotokeza nje ni tumaini lake. Imam al-Ghazali ameeleza kwa urefu ubaya wa tumaini refu katika kitabu cha kukumbuka mauti, ambacho ni cha 40 katika vitabu 40 vya Ihya. Basi je, mdogo wangu si ndiye mwanafunzi bora wa al-Ghazali? Amefupisha tumaini.

Nadhani hapana, na hapa ndipo palipo na kiini. Kinacholaumiwa katika tumaini refu ni kujimilikisha mwisho: mtu kuishi kana kwamba kesho ameshaandikiwa hati yake, akaahirisha toba na haki za watu. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) amefundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Mpandaji huyo hana tumaini la matunda hata kidogo. Kwetu Palma tunajua mnazi huchukua miaka mingapi kabla ya kuzaa. Mtu anayepanda huku Kiyama kinasimama hajajimilikisha mwisho, ameshika wajibu wa saa ile. Kwa hiyo kufupisha tumaini hakumaanishi kufupisha kazi. Unaweza kuanza kazi ndefu ukiwa na tumaini fupi, na unaweza kuwa na tumaini refu huku hufanyi kazi yoyote.

Waliokufa kabla ya kitabu kukamilika

Mfano ulio wazi zaidi uko katika historia ya Qur'ani yenyewe. Iliteremka kwa takriban miaka 23. Mus'ab bin Umayr (r.a.) alitumwa Madina kabla ya Hijra kuwafundisha watu Qur'ani. Aliwafundisha kitabu ambacho kilikuwa bado kinateremka. Akauawa Uhud, mwaka wa tatu Hijria. Aya inayosema dini imekamilika iliteremka Arafa mwaka wa kumi. Mus'ab hakuisikia. Nani kati yetu atathubutu kusema dini ya Mus'ab ilikuwa pungufu?

Masahaba wenyewe waliliuliza swali hili. Waislamu wa Madina walisali miezi 16 au 17 wakielekea Baytul Maqdis, kisha kibla kikageuzwa kuelekea Al-Kaaba. Wapo waliokuwa wameshakufa. Watu wakasita: vipi kuhusu sala za wale? Jibu likaja katika aya ya 143 ya Sura al-Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa wa kuipoteza imani yao, na wafasiri wamesema iliyokusudiwa hapo ni sala zao. Walikatizwa katikati ya safari, na walichokuwa wamekifanya kilikuwa kamili kwa siku waliyokifanya.

Maulamaa wetu waliishi kwa ufahamu huo. Imam al-Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi'i tunamsoma pwani yote, alifariki mwaka 676 Hijria akiwa amefika mlango wa riba katika al-Majmu'. Al-Subki akaendelea, naye akafariki kabla ya kumaliza. Hakuna anayeutupa mlango wa tohara wa al-Majmu' kwa sababu Nawawi hakuufikia mlango wa talaka. Jalaluddin al-Mahalli aliandika tafsiri kuanzia Sura al-Kahf hadi mwisho, pamoja na al-Fatiha, akafariki mwaka 864. Jalaluddin al-Suyuti, akiwa na umri kama wetu, akaandika nusu iliyobaki. Ndiyo Tafsir al-Jalalayn, kitabu cha Majalali wawili, na wengi wetu tumeisoma bila kujali kalamu ilibadilishwa wapi.

Kuna na kisa cha al-Tabari. Inasimuliwa kwamba aliwauliza wanafunzi wake kama wana hamu ya tafsiri ya Qur'ani. Wakauliza ukubwa wake. Akasema karatasi elfu thelathini. Wakajibu kwamba umri utakwisha kabla haijakwisha, basi akaifupisha kwa karatasi elfu tatu hivi. Alipowaambia habari ya tarehe yakawa yale yale, naye akasikitika kwamba hima za watu zimekufa. Tazama kilichofanyika: hakuwalazimisha kwenye elfu thelathini, wala hakuacha kuandika. Alitafuta kipimo wanachoweza kukibeba.

Rudi kwenye riwaya

Msomaji mkali ataniambia, "Ustadh, unalinganisha sala za Masahaba na hadithi za wachawi." Silinganishi. Mus'ab alikuwa katika wajibu, na msomaji wa riwaya yuko katika mubaha. Fungu la ibada lina thawabu hata likikatizwa, na fungu la mubaha halina ahadi hiyo. Ninachosema ni kwamba "huenda nisimalize" si hoja ya kukataa kuanza, si katika ibada wala katika riwaya. Ukitaka kuiacha riwaya, iache kwa hoja ya wakati au ya yaliyomo, na hoja hizo zina nguvu zake. Usiiache kwa hofu, maana hofu ukiilisha jambo dogo hukua ikadai kubwa. Huanza kukunyima kitabu, kisha hukunyima chuo, kisha hukunyima Msahafu.

Badala ya kuuliza kama nitamaliza, nauliza hivi: nikikatizwa hapa, katika ukurasa huu, saa hii, je, naweza kusimama mbele ya Mola wangu na kusema nilikuwa mahali panapofaa? Ikiwa nimesali, nimesoma wirdi wangu, nimemaliza kazi ya darasani, na sijamkosesha mtu haki yake, basi ukurasa wa 40 wa kitabu cha kwanza ni mahali panapofaa kukatizwa. Ikiwa nimelala Alfajiri ikanipita kwa sababu ya mapigano ya sura ya mwisho, basi hata nikimaliza vitabu vyote 14 nimekatizwa pabaya.

Kwa kipimo hicho nimeamua hivi. Nitakianza kitabu cha kwanza likizo ijayo, nusu saa baada ya Isha, baada ya wirdi. Kila kitabu kikiisha nitasimama niulize upya kama cha pili kina nafasi. Huenda nikaishia cha tatu, na sitakuwa na deni kwa mtu.

Lakini nimeamua na jingine, na hili ndilo ninalowaomba wenzangu mlifikirie, hasa mnaorudi makwenu palipotikisika. Mdogo wangu anazo juzuu tano, na kwa juzuu hizo anawasalisha wadogo zake nyumbani. Hazikuharibika kwa kukimbia. Alizikimbia nazo, na hakuna aliyeweza kuzichoma. Nikifika Palma sitamwambia amalize Msahafu. Nitamwambia tukae baada ya Alfajiri, tuchukue ukurasa wa kwanza wa juzuu ya sita, tuushike huo. Kesho, tukiwa hai na tukiwa hapo, tutachukua wa pili. Tukiwa tumekimbia, tutauchukua huko tulikokimbilia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuanze yenye kheri, atusamehe tutakayoyaacha njiani, na awarudishie amani watu wa Cabo Delgado. Wabillahi tawfiq.